Ngazi ya Nyuma Haina Waya

Kwenye nyumba za kuchezea alizozitia umeme, Bi Testa hakuwasha taa isiyowaka kwenye nyumba halisi. Alikuwa amefanya kazi ya ufundi umeme miaka thelathini na mmoja, testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, ikiwa imechomekwa kwenye nywele kama kalamu ya karani, ndipo majirani wakambandika jina hilo. "Huyo ukimwambia umeshiba," walisema, "atakupima kwanza."

Alipostaafu alianza kujenga kwa matofali ya plastiki, yale ya watoto yenye vinundu juu, na kuyatia taa ndogo kama punje za mchele. Alijenga posta, akajenga kituo cha zimamoto. Kazi hiyo haitaki pupa. Waya, mwembamba kama unywele, hupitishwa kati ya kinundu na kinundu. Ukiulaza juu ya kinundu, tofali linalofuata litaukata papo hapo. Na kila ghorofa huwashwa kabla ya kufunikwa na nyingine.

Jumatano moja mkwe wake, mkandarasi, mume wa binti yake wa pekee, alimletea mfano wa bweni la wanafunzi wa uuguzi alilokuwa akilimalizia: ghorofa nne, madirisha arobaini na nane, ngazi mbele na ngazi nyuma, yote kwa matofali hayohayo. Jumamosi bodi ya chuo ingekuja kupokea jengo, naye alitaka wageni waanze kwa kuuona mfano ukiwaka.

"Mama, sina fundi mwingine zaidi yako," alisema, akiuweka mezani kwa mikono miwili. "Washa kila kitu."

"Nitaliona jengo kwanza."

"La nini tena? Ramani hiyo hapo."

"Ramani haina waya, baba."

Alhamisi mchana alikwenda. Vyumba vilikuwa safi, taa zinawaka, swichi zimenyooka. Alifurahi, maana mkwe wake hakuwa mzembe. Ngazi ya nyuma ndiyo iliyomsimamisha. Haikuwa na dirisha hata moja, na ndiyo njia ya kukimbilia moto ukizuka mbele. Taa zilikuwapo ukutani, mpya, balbu zimo. Akabonyeza swichi, giza. Akachomoa bisibisi kichwani, akafungua kifuniko, akamulika ndani ya bomba. Hakukuwa na waya hata wa dawa. Akapanda ghorofa nyingine, akafungua tena. Vilevile.

Nyapara alikuja mbio. "Shikamoo, mama. Si umestaafu wewe? Naona vidole bado viko kazini."

"Marahaba. Waya uko wapi?"

Nyapara akatazama viatu vyake. "Uliisha. Bosi kasema tutavuta baadaye. Wageni watapandia mbele."

Ijumaa alasiri mkwe alifika na mkewe kuuchukua mfano. Bi Testa akawasha. Madirisha yote yakajaa mwanga wa njano, ngazi ya mbele ikang'aa, na nyuma ukabaki mstari mweusi kutoka juu hadi chini.

"Mama, hapo umesahau," mkwe alisema.

"Sikusahau. Nilikwenda."

Akaelewa. Alijifuta jasho. "Nitavuta waya Jumatatu, nakuapia. Jengo likikataliwa kesho, nimekwisha."

"Basi waambie bodi hivyohivyo. Jumatatu."

"Hivi ni vya kuchezea, Mama."

"Wao hawaji kucheza. Watatazama hapa, kisha watatia sahihi ya jengo la kule."

Binti hakupandisha sauti. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ameketi kwa upande kwa sababu ya mgongo. "Ni taa nne tu, Mama. Punje nne. Ndizo za kumwaibishia baba wa mjukuu wako?"

Taa nne zilikuwapo kweli mezani, kwenye kisahani. Bi Testa alichukua kibanio, akainua ya kwanza. Huyu ndiye mtoto aliyemlea peke yake, na hakuna aliyemjua Bi Testa asiyejua alivyompenda. Waya ukaingia kati ya vinundu viwili bila kugoma. Mkwe akashusha pumzi.

Kisha Bi Testa akauvuta ukatoka.

"Uchukueni ulivyo," alisema. "Au uacheni."

Waliuchukua.

Jumamosi mfano uliwekwa kwenye ukumbi wa chuo. Bi Testa alikuwa amealikwa kama fundi kabla mambo hayajaharibika, naye alikwenda. Wajumbe wa bodi waliuzunguka wakiitikia kwa vichwa kwa furaha, mpaka mlezi wa bweni, mama mwenye miwani minene ambaye angelala humo pamoja na wasichana, alipoinama upande wa nyuma.

"Hapa mbona giza?"

"Betri tu hiyo," mkandarasi alijibu, akitabasamu. "Inachezacheza."

Mlezi akageuka. "Eti fundi, ni betri?"

Binti alikuwa ameketi karibu na mlango. Alimtazama mama yake, akatikisa kichwa kidogo: usiseme. Mwenyekiti alikwisha kufungua kalamu.

"Betri ni nzima," Bi Testa alisema. "Ngazi ya nyuma haina waya. Nimefungua vifuniko kwa mkono wangu."

Mwenyekiti alifunga kalamu yake, wakaondoka kwa mstari kwenda kuitazama ngazi yenyewe. Waliporudi, hawakumwuliza mkandarasi lolote.

Jengo halikupokelewa siku hiyo. Waya ulivutwa kwa siku tisa, bweni likafunguliwa wiki tatu baadaye, na chuo hakikumpa mkandarasi kazi nyingine. Wapo wanaosema hadi leo kwamba Bi Testa angeweza kunyamaza mpaka Jumatatu. Lakini mtu aliyeweza kusema "betri" mbele ya mlezi wa watoto wa watu, Jumatatu yake haifiki.

Binti hakukanyaga tena kwa mama yake. Alijifungua mtoto wa kike. Mtoto huyo sasa ana miaka minne, na bibi yake hajawahi kumshika.