Mkono Mzima Uliofungwa

Habari nilipewa na jirani yetu tunayemwita Redio, nikiwa naanika nepi.

"Mama kitoto, umeona? Mke wa fundi cherehani kamfunga mumewe mkono. Tena ule mzima! Kula kwake sasa taabu tupu. Yule mwanamke ana roho ya jiwe."

Kuona niliona. Tunaishi ua mmoja, mlango wangu unatazamana na wao. Fundi aligongwa na pikipiki akaumia kichwa, na aliporudi kutoka hospitali mkono wake wa kulia, ule wa mkasi, ulikuwa kama umelala. Ni mtu wa utani. Binti yangu akiwa bado tumboni, alimshonea gauni la njano lenye vifungo mgongoni, akaniambia, "Akitoka dume, atalivaa hivyo hivyo."

Basi nikamkuta kibarazani anakunywa maji. Mkono wa kushoto umevikwa glavu nene kama mto, wa kulia unatetemeka na kikombe, maji yanamwagikia magotini. Nikaruka nikishike.

"Mdogo wangu, kaa chini!" mkewe akanifokea kutoka ndani.

Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. "Hospitali wanafanya utafiti kwa watu walioumia kama yeye," akasema kwa upole. "Wanataka kujua, mkono mzima ukizuiwa mchana kutwa, je, ule mgonjwa utaamka? Amekubali mwenyewe, na akichoka ruksa kuivua glavu. Mimi nimeambiwa nimtazame tu, nisimsaidie. Unadhani ni rahisi?"

"Ananitazama kama sinema," fundi akadakia. "Na kiingilio halipi."

"Na usipoamka?" nikamuuliza.

Akageuza shingo kuitazama cherehani yake, imefunikwa shuka pale ndani. Utani ukamwisha. "Nitakuwa nani basi, mama kitoto?"

Tangu siku ile, nikikaa mlangoni kunyonyesha, macho yangu yako kwake. Kijiko kilidondoka, akakiokota, kikadondoka tena. Baadaye kikafika mdomoni, kitupu, lakini kimefika. Redio akipita anaguna, naye humwita, "Dada, njoo unifungue tutoroke!" Redio hucheka bila kupenda. Mkewe hucheka pia, kisha huingia ndani na kukaa huko kidogo.

Jana alasiri fundi aliniita. Mapajani alikuwa na ubao wa mazoezi aliopewa hospitali, wenye kitambaa na vifungo. Vyote alikuwa amevifunga, kimoja kimekwenda upande.

"Kesho wananipima," akasema. "Lakini ubao huu haulii wala haurushi miguu. Nao haujanipa kazi. Lile gauni la njano bado linamwenea mtoto?"

"Linambana kidogo."

"Mvalishe. Usifunge kifungo hata kimoja. Niletee hapa nimfungie mimi."

Kisha akainua ile glavu, akanielekeza kwenye kigoda.

"Na wewe ukae pale, mama kitoto. Mikono yako uikalie."