Mkanda wa Zamani

Fundi amefungua pakiti ya mkanda mpya wa feni ya gari langu, na harufu ile ya mpira na poda imenirudisha kwenye stoo ya spea kule Tororo, ambako baba alikuwa msimamizi. Nikitoka shule nilikaa nyuma ya kaunta nikimsubiri.

Siku moja aliingia dereva aliyetoka Bulumbi kwa baiskeli ya kuazima, shati limemganda mwilini.

“Mzee, mkanda imekatika njiani. Bibi yangu iko kwa lori, anataka kuzaa.”

“Wa zamani uko wapi?”

“Nimeacha huko.”

“Mpya hautoki bila wa zamani. Kaulete, nione namba.”

Lori lile baba alilijua. Mkanda wa saizi yake ulining'inia juu ya kichwa changu, nami nilikuwa nimeshaunyooshea kidole.

“Teremsha mkono,” baba aliniambia.

Dereva alirudi kesho yake jioni, akauweka mkanda uliokatika juu ya kaunta.

“Bibi yako amejifungua?” nilimuuliza.

“Tumewazika asubuhi.”

Baba aliufuta mkanda kwa kitambaa, akaisoma namba taratibu.

“Unaona,” akamwambia, “sasa hatuwezi kukosea.”