Kikohozi cha Mama Vagheni

Mama Vagheni hakuwa na ugonjwa wa kifua. Kikohozi chake kilikuwa cha heshima. Kila mara akitaka kutoka jikoni na kuingia nyumbani kwa binti yake Jokébed, alisimama kwanza karibu na pipa la maji, akakohoa mara moja kwa nguvu. Hapo mukwe wake, Onésime, alijua kwamba mama anapita. Aliinamisha kichwa juu ya karatasi zake. Mama Vagheni naye alivuta kitenge upande wa uso, akapita akitazama ukuta, na kila mutu akabaki na heshima yake.

Ndivyo alivyolelewa. Mama hamutazame mukwe usoni, hale naye sahani moja, ata jina lake halitaje. Alitoka kwake Beni, commune ya Ruwenzori, akaja Butembo kumusaidia Jokébed na mutoto wa kwanza, akaleta unga wa muhogo, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na adabu yake yote. Tangu afike katika nyumba ile ya mbao, kule Bulengera, mukwe wake alimujua kwa viatu tu. Ungemuuliza Baba Sagesse anafanana namna gani, angekuambia ni mweusi, ameshonwa pembeni upande wa kushoto.

Sagesse ndilo jina la mutoto. Jokébed alipoanza tena kuuza vitunguu sokoni, muchana ulikuwa unapita hivi: mutoto ananyonya, analazwa kitandani chumbani, mama yake anapanda pikipiki anakwenda. Onésime anakaa sebuleni na kazi yake ya mwisho ya chuo, ile ya kumupatia diploma. Mama Vagheni anakaa jikoni, nje, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Na Sagesse halii. Muchana muzima, kimya. Mama Vagheni aliwaambia majirani kwamba ni mikono yake, vile anavyomuogesha, vile anavyomupaka mawese mugongoni akishuka mpaka kiunoni. Jirani mumoja akamuletea wa kwake naye aogeshwe. Huyo alilia mpaka jioni. Mama Vagheni akasema huyo amefuata damu ya baba yake.

Lakini kulikuwa neno lililomukaa rohoni.

Katikati ya mbao za nyumba alikuwa anasikia sauti ya mukwe. Kwanza ilisoma Kifaransa, mbio mbio, kama Kifaransa kinavyosomwa. Kisha ilishuka, ikawa Kiswahili, tena Kiswahili laini cha kupakwa mafuta.

"Unaona, roho yangu? Majani inaanza kuwa manjano. Ndio pale ugonjwa inaingiaka."

Kimya. Halafu kucheka kidogo.

"Ee, na weye. Ngoja nikuambie tena."

Kimya tena.

"Usichoke, mupenzi. Maharagi inabakia kidogo tu."

Mama Vagheni aliacha muchi hewani. Huyu anaongea na nani? Muke wake yuko sokoni. Mugeni hakuingia, angeona viatu. Ilibaki simu. Na mwanaume anayemuita mutu roho yangu ndani ya simu, muke wake akiwa sokoni, haongei na mushirika wa kanisa. Kitu kimoja tu kilimuvuruga: ni mwanamuke gani anayebembelezwa kwa magonjwa ya maharagi? Alifikiri sana. Mwishoni akaona pengine ni mutu wa Kanyabayonga, kule balimaka sana.

Hakusema kitu. Angesema nini, na angeanzia wapi, naye jina la mukwe halitaje? Alitwanga sombe mpaka ikawa maji.

Kisha chuo kikatoa sheria yake. Mambo yalikuwa yameharibika huko: banafunzi waligundua ile akili ya mashini, unaiandikia swali katika simu, unakwenda kununua beignet ya kula, unarudi unakuta kazi imekwisha, imevaa ata na kravati. Basi wakuu wakabandika karatasi ku mulango wa bureau. Mwanafunzi anaweza kuuliza mashini jinsi anavyouliza jirani, mradi aseme ameuliza nini. Mwenye kuiachia iandike, mwaka wake umekufa. Na mwenye kushukiwa alete shahidi wa nyumbani kwake, aliyekuwapo wakati kazi ilikuwa inafanyika. Hilo la shahidi lilitoka kwa Assistant Zorobabel, mwalimu musaidizi. Alisema manyumba yetu ni ya mbao, hakuna mutu anayefanya kitu bila kusikiwa.

Na Zorobabel alikuwa na njia yake ya kushuku. Alitafuta makosa. Kazi yenye makosa ni ya mutu, kazi isiyo na kosa ni ya mashini. Habari hiyo ilipofika kwa banafunzi, wote waliketi wakaanza kuharibu. Sadrack, rafiki ya Onésime, aliweka makosa mengi mpaka yeye mwenyewe akashindwa kujua alikuwa ameandika juu ya mbuzi ao juu ya mihogo. Onésime alikataa. Kila ukurasa alikuwa ameuandika na kuuandika tena mpaka ukanyooka, hakuwa na moyo wa kuupindisha. Kwa hiyo jina lake liliitwa la kwanza.

Jokébed alikuja kumuelezea mama yake jikoni, macho mekundu, na haikuwa moshi. Kanisa lilikuwa limemuahidi Onésime kazi ya agronome, bwana shamba, kule Lubero. Mwaka ukikufa, kazi inakwenda kwa mwingine, na vitunguu vyake vimelisha nyumba tangu waoane, mabega yake yamechoka. Yeye hawezi kuwa shahidi, kila mutu anajua muchana yuko sokoni. Aliyekuwapo ni mama peke yake.

Mama Vagheni akauliza hiyo mashini ni kitu gani basi.

"Inakaaka ndani ya simu, mama. Unaiuliza, inakujibu."

"Na sauti?"

"Ata na sauti. Ukitaka, ya mwanamuke."

Mama Vagheni alikaa juu ya kinu. Sasa aliona shimo mbili. Kama ni mashini, diploma imekwenda. Kama ni mwanamuke wa Kanyabayonga, nyumba imekwenda. Na yeye, aliyeimba chorale tangu usichana wake, hawezi kuanza uongo akiwa bibi wa mutu. Alimuomba Mungu atafute kitu cha tatu. Yeye mwenyewe hakuona kitakuwa kitu gani, lakini hiyo si kazi yake.

Siku ikafika. Wakapanda kwenda chuoni, Jokébed na mutoto pikipiki moja, Mama Vagheni pikipiki yake. Kwenye mulango wa auditoire alisimama akakohoa. Ndani Onésime akainamisha kichwa. Lakini safari hii hapakuwa ukuta wa kutazama, palikuwa chumba kikubwa na mukwe katikati yake. Mama Vagheni akakataa kuingia. Zorobabel akasema sheria ya chuo haijue mambo ya bukwe.

Mukuu wa jury, wale walimu wa kuhukumu kazi, alikuwa Professeur Tshibangu, mutu munene, serikali ilimutuma toka Kasaï. Aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba kwao Kasaï, siku moja mama ya muke wake alifika bila kutangaza, na yeye, Professeur, aliruka dirishani akatoka na sahani ya fufu mukononi. Akaamuru walete ubao ule mweusi wenye miguu, wauweke katikati. Hivyo Onésime akakaa upande huu, Mama Vagheni upande ule, na jury mbele yao inaona wote wawili. Upande wa mama, mutu alikuwa ameacha picha ya ng'ombe aliyepasuliwa tumbo, na mishale. Mama Vagheni akaamua ataongea na ng'ombe.

Zorobabel alimuuliza jina la mwanafunzi. Akajibu ni Baba Sagesse. Zorobabel akataka jina kamili. Akajibu jina kamili liko kwa mama aliyemuzaa, waende wamuulize. Zorobabel akaliacha hilo, akamuuliza kama alimuona akiandika.

"Sikumuonaka," aliambia ng'ombe. "Nilikuwa nasikia."

"Alikuwa peke yake?"

Mama Vagheni alifinya kitenge chake. Ng'ombe alimutazama na jicho moja.

"Hapana. Kulikuwa mutu. Anamuuliza, anangoja, anacheka. Anamuita roho yangu."

"Na ule mutu, alikuwa anajibu?"

"Jibu sikusikia. Pengine sauti yake ni ndogo."

"Mashini," akasema Zorobabel, kama mutu aliyeshika mwizi wa kuku kwa mukia wa shati.

Karibu na mulango Jokébed alikuwa anamubembeleza Sagesse aliyeanza kunung'unika. Akaacha kubembeleza. Akauliza polepole, bila kupandisha sauti:

"Roho yangu nani?"

Hakuna aliyetaka kuwa Onésime kwa saa hiyo. Ata Zorobabel alitazama kalamu yake.

Sauti ya Onésime ikatoka upande wa pili wa ubao.

"Ni Sagesse."

Akaeleza kichwa chini. Kila muchana, pikipiki ya Jokébed ikipinda tu kona, mutoto alifungua macho. Kitanda hakitaki. Akamubeba mikononi, akashindwa kuandika. Basi akachukua kitenge cha muke wake, akamufunga mugongoni. Hapo mutoto akadai na sauti pia, kusoma kukisimama tu, analia. Ndipo akawa anamusomea kazi yake, ukurasa kwa ukurasa, akimuelezea. Mahali mutoto aliponung'unika, alijua sentensi haijakaa vizuri, akaipanga tena mpaka anyamaze. Kwa hiyo kazi haikubaki na kosa. Na mama akikohoa kule nje, alikuwa anakimbia kumurudisha kitandani, anarudi kukaa. Hakusema kwa mutu, maana banafunzi wenzake wangemuita Mama Onésime mpaka kaburini.

"Mama Onésime," mutu akasema dirishani. Ilikuwa sauti ya Sadrack.

Nyuma ya ubao Mama Vagheni alielewa kwamba hiki ndicho kitu cha tatu, akashukuru. Halafu akakumbuka majirani, na mikono yake, na mawese mpaka kiunoni, na uso wake ukapata moto.

Zorobabel akasema hadithi ni nzuri, lakini mashini pia inajua hadithi nzuri. Sagesse sasa alikuwa analia wazi wazi, miguu inapiga. Professeur Tshibangu akanyoosha mukono.

"Bamupatie mutoto wake. Na asome chapitre ya pili ya kazi, bila karatasi."

Onésime akainama, akamuweka mutoto mugongoni, akatupa kitenge, akakaza fundo kifuani, yote kabla hujamaliza kusema amina. Bamama waliokuja kusikiliza wakatazamana: fundo kama lile halifundishwe kwa siku moja. Akaanza kusoma kutoka kichwani, akitembea upande wake wa ubao, mbele ya jury na kurudi. Alipofika kwenye kutu ya majani, Sagesse alinyamaza. Alipofika kwenye madoa ya maganda, kichwa chake kililala upande. Alipoingia kwenye mbegu, Assistant Zorobabel alikuwa ameshalala, kalamu ingali mukononi.

Tshibangu akasema sawa, kazi anaijua. Lakini kujua si kuandika, na mutoto analala popote. Ni nani atakayewaambia kwamba kule nyumbani ilikuwa hivi kweli?

Chaki ya ule ubao wa zamani ilikuwa inaanguka kidogo kidogo puani mwa Mama Vagheni. Alijikaza. Alimutazama ng'ombe. Ikamushinda.

Akakohoa.

Onésime hakufikiri. Kitenge kilifunguka, mutoto akashushwa mahali pa kwanza palipokuwa laini, yaani juu ya mafaili ya Professeur Tshibangu, na kabla kikohozi hakijakwisha yeye alikuwa ameshakaa, kichwa chini, anaandika kwa bidii. Kalamu aliyoshika ilikuwa ya Zorobabel.

Halafu tumbo la Professeur likaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, kwa sababu ya mutoto, machozi yakamushuka mpaka kwenye kola.

"Mutu mwenye kuruka hivi," akasema akipangusa miwani, "ameruka mara mingi. Mimi najua. Hii hakuna mashini yenye kuiweza."

Kazi ikapokelewa. Zorobabel akaamuka, akauliza wamefika chapitre gani.

Juma lililofuata sheria iliongezwa mustari: mutoto wa kuazima hakubaliwi. Banafunzi walikuwa wameanza kuazima batoto katika quartier yote, na Sadrack alifika na mwana wa dada yake ambaye anakwenda shule, na huyo mutoto akamukana Sadrack mbele ya jury.

Siku ile ya jury, walipofika nyumbani, Jokébed alimuuliza mama yake ni kwa nini hakumuambia kile alichokuwa anasikia. Mama Vagheni akajibu aliogopa ni mwanamuke wa Kanyabayonga. Jokébed akacheka mpaka akaegemea nguzo ya mulango, kisha akacheka tena usiku alipokumbuka.

Adabu ya nyumba haikubadilika. Mpaka leo Mama Vagheni hajauona uso wa mukwe wake. Lakini muchana mumoja, akiwa jikoni, macho yake yalipita kwenye ufa wa mbao, na ndani kulikuwa mugongo unatembea huku na huku, polepole, na kamuguu kadogo kananing'inia nje ya kitenge. Mugongo si uso. Hakuna aliyemukataza mugongo. Aliutazama mpaka akashiba.

Moshi ukamuingia kooni. Mama Vagheni akaziba mudomo kwa mikono miwili, akatoka mbio akapita pipa la maji, akavuka njia, akaingia kwa jirani, na kule akakohoa mpaka akatosheka. Jirani alimupa maji, akamuuliza kama ni kifua.

"Haiko kifua," akasema. "Kule kwetu mutoto analala."