Kompyuta Niliyovushiwa Ziwa kwa Nyimbo

Admin, nifichie jina kabisa, maana wamama ninaowazungumzia hawako huku Facebook lakini watoto wao wako. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu. Nilizaliwa Uriri, Migori, nikaolewa Mfangano, na huku kisiwani hakuna anayeniita kwa jina langu. Ni Nyar Uriri tu, binti wa Uriri, hata watoto wa jirani wananiita hivyo. Sasa ni wiki ya pili nimekasirika na sina mtu wa kumkasirikia. Hiyo ndiyo inanimaliza.

Kazi yangu naifanyia nyumbani. Kuna ofisi moja Nairobi inanitumia sauti za mikutano, mimi nasikiliza na kuchapa. Kazi hiyo ndiyo inamsomesha msichana wangu mkubwa, yuko kidato cha tatu, maana samaki wa mzee wangu siku hizi ni wa kubahatisha. Lakini kompyuta yangu ni ya zamani jameni. Ukiiwasha asubuhi unaweza kuinjika uji, unywe, uoshe kikombe, ndio ifunguke. Nimeivumilia miaka. Mwezi uliopita msimamizi wangu akaniandikia kwamba wanabadilisha programu na mashine kama yangu haitaikubali. Nikifika mwisho wa mwezi huu bila nyingine, kazi anapewa mtu mwingine.

Pesa ya laptop sikuwa nayo, ila zamu yangu ya chama, hiki cha wamama tunachochangiana, ilikuwa imefika. Chama chetu hakipeani pesa mkononi. Wamama wanasema pesa huliwa. Mwenye zamu anasema anachotaka, wenzake wanaenda kununua, kisha wanamletea nyumbani kwa nyimbo ili kijiji kione. Na mwenye zamu haendi dukani, ukienda itaonekana huwaamini. Kwa hivyo niliandika kwa karatasi jina la laptop niliyokuwa nimeichagua katika duka moja Homa Bay mjini, iliyotumika lakini bado nzuri, nikampa mwenyekiti. Mwenyekiti ni mama mkwe wangu. Nikamwambia, "Mama, ni hii tu, muonyeshe muuzaji karatasi." Akaikunja akaifunga kwa pindo la leso yake.

Siku ya kuletewa nilipika kuku na chapati. Nikasikia nyimbo zikipanda kutoka ziwani, nikachungulia. Wa kwanza amebeba skrini kichwani. Wa pili amebeba boksi kubwa. Wa tatu ana spika mbili. Nikajiambia labda hao wanapeleka vitu vya mtu mwingine, nyuma yao kuna mwenye laptop. Hakukuwa na mwenye laptop. Walikuwa wameninunulia kompyuta ya meza, na kwa umri naona inaizidi ile yangu.

Mama mkwe akakaa, akapangusa jasho, akaeleza mbele ya wote. "Nyathina, mwanangu, yule kijana wa duka alituonyesha hako kakitu kako. Kembamba kama trei ya chai. Nikamuuliza, hii ndiyo nivuke nayo ziwa? Watu si watauliza zawadi iko wapi? Nikamwambia alete kompyuta yenyewe." Wamama wakapiga vigelegele. Nami nikasema ero kamano, asanteni, nikacheza nao huku machozi yakinitoka, na wao wakadhani ni furaha.

Kesho yake niliijaribu. Programu ikakataa. Nikampigia yule muuzaji, karibu nimtusi, kwa sababu karatasi aliiona. Akasema, "Madam, ningefanyaje? Mama alisema kubwa." Lakini akaniambia laptop yangu bado iko, na atanibadilishia bila kuongeza kitu, mradi nirudishe kila kilichobebwa kabla ya Ijumaa.

Nilipomwambia mume wangu alinitazama kama nimechanganyikiwa. "Unataka kurudisha zawadi ya mamangu kwa feri, mchana, watu wakiona? Usimwaibishe mama." Nikamuuliza kama yeye ndiye atalipa karo. Akatoka kwenda kuangalia nyavu zake. Hizo nyavu huwa zinahitaji kuangaliwa kila tukianza kuongea mambo ya maana. Na ukweli ni kwamba zawadi ya chama hairudishwi wala haiuzwi. Kuna mama aliuza godoro la chama, akatolewa, na mpaka leo sokoni anasalimiwa kwa nusu mdomo.

Bado nilikuwa nimeamua kumwambia Mama ukweli. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Halafu juzi mweka hazina akapita kwangu, akaketi kutazama hiyo mashine, akasema, "Wewe unapendwa na mama mkwe. Hii kubwa ilizidi pesa ya zamu yako, akaongezea na pesa ya zamu yake. Alituambia tusikuambie."

Zamu ya Mama ilikuwa inafuata yangu. Alikuwa ameomba tangi la maji. Yule mama ana zaidi ya miaka sabini na bado anapanda kutoka ziwani na ndoo kichwani. Sasa atangoja mpaka wanachama wote wazunguke tena, na ni kwa sababu ya spika ambazo sina kazi nazo. Nilikasirika upya. Nikamkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi, nikakasirikia hata karatasi.

Kila asubuhi akitoka ziwani anatua ndoo mlangoni pangu. Anaingia, anafunua kitambaa alichokishona mwenyewe cha kufunika skrini, anapangusa vumbi kwa leso, kisha ananiuliza, "Nyar Uriri, inakufanyia kazi vizuri?" Nami najibu, "Vizuri sana, Mama." Leo pia nimejibu hivyo.

Feri ya mwisho ambayo inaweza kunifikisha dukani kwa wakati ni ya Alhamisi. Nikiipanda nitakuwa nimembebesha Mama aibu kijiji kizima kikiona. Nisipoipanda msichana wangu anarudi nyumbani. Ninyi mliolewa, na ninyi mlio na mama mkwe mwenye roho kama hii, niambieni. Kesho akitua hiyo ndoo na kuniuliza, nimjibu nini?