Maziwa ya Jioni Hayakuwemo kwenye Kompyuta

Nikiikumbuka siku ile moja kule Rombo, mwanangu, masikio yangu bado yanapata moto. Najua, mimi siyo mzee. Wewe uko tumboni mwezi wa saba, na kichwani mwangu hakuna mvi hata moja. Lakini kwako wewe nimeshakuwa mtu wa zamani, basi vumilia nikushauri kama wanavyoshauri wazee.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kawaida tu, yale ya kuombewa. Mtafiti mmoja, kaka Elibariki, akanichukua kukusanya takwimu za maziwa katika vijiji viwili juu ya mji wa Mkuu: kimoja juu kabisa karibu na msitu, kingine chini karibu na lami. Wafadhili walikuwa wanatoa tangi la kupozea maziwa, moja tu, na lingekwenda kwenye kijiji ambacho ng'ombe wake wanatoa zaidi. Nikapewa kishikwambi na dodoso. Swali kubwa lilikuwa: ng'ombe wako anatoa lita ngapi kwa siku? Aulizwe baba wa nyumba. Asipokuwepo, mtu mzima yeyote.

Kijiji cha juu nilikwenda Jumapili baada ya misa, nikawakuta akina baba nyumbani. Cha chini nilikwenda siku ya mkutano wa wakulima wa kahawa, wanaume wote wako huko, wakanijibu akina mama. Sikuona shida. Watu ni watu, nikajisemea.

Kisha kaka Elibariki akanifundisha programu ya takwimu kwenye kompyuta yake. Jamani, niliipenda! Kaya zote zile, ambazo kwa kalamu ningezihesabu wiki nzima na bado nikosee, zilijumlishwa kabla sijameza mate. Niliandika kwa haraka kwamba ng'ombe mmoja anatoa lita mia na arobaini. Programu ikamtenga peke yake juu ya mchoro, nikacheka, nikarudi kwenye dodoso, nikakuta ni kumi na nne. Na kila amri tuliyoiandika ilibaki imehifadhiwa, ili mtu mwingine apite mlemle tulimopita na kutukagua. Nikaanza kuota ofisi yangu mwenyewe pale Mkuu, mlango wa bluu, na kibao cha kuandikwa kwa mkono.

Majibu yakatoka: wastani wa kijiji cha chini ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa juu, na programu ikasema tofauti hiyo ni kubwa mno, haiwezi kuwa ya bahati tu. Wiki iliyofuata watu wa vijiji vyote viwili wakakusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, nami nikaonyesha mchoro ukutani kwa projekta. Nguzo moja ndefu, nguzo moja fupi. Nilikuwa nimevaa gauni jipya.

Bibi Ndeshi wa kijiji cha juu, mwenye ng'ombe wake mmoja, akanyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, hiyo nguzo fupi ndiyo sisi?"

"Ndiyo, bibi."

"Ulipokuja kwangu ulimuuliza nani?"

"Nilimuuliza babu."

"Na babu ndiye anakamua?"

Ukumbi mzima ukacheka. Babu mwenyewe akasimama. "Mimi nilikutajia yale ya asubuhi ninayopeleka kituo cha maziwa. Ya jioni ni ya mama wa nyumba. Nikianza kuhesabu ya mama, si nitahamishiwa zizini!"

Hapo ndipo nilipokosea zaidi, mwanangu. Nilijua kabisa desturi hiyo, hata nyumbani kwetu iko. Lakini aibu ilinibana, nikasema kwa sauti ya juu, "Bibi, kompyuta haikosei hesabu."

Bibi hakukasirika. Alikuja mbele, akanishika mkono mbele ya watu. "Sijasema imekosea hesabu. Yale ya jioni ndiyo yanayoharibika tukikosa tangi, na wewe ndiyo umeyaacha nje. Kompyuta haijawahi kukaa jikoni kwangu. Wewe umekaa, nikakupa na ndizi. Kwa nini hukuiambia?"

Nililia, sikufichi. Kaka Elibariki akaomba wiki moja. Nikarudi nyumba kwa nyumba, safari hii nikiuliza ya asubuhi peke yake na ya jioni peke yake, na nikimuuliza anayekamua. Kuchambua upya hakukuchukua hata muda wa kunywa chai, maana amri zote zilikuwepo. Nguzo zikatoka karibu sawa, maana akina mama wa chini walikuwa wamenitajia ya asubuhi na ya jioni tangu mwanzo. Tukaitazama programu itusaidie kuchagua. Haikuwa na la kusema. Ni akina mama wa kijiji cha chini waliosema, "Sisi tuko karibu na lami, gari linatuchukulia mapema. Pelekeni tangi juu kwa wenzetu." Likapelekwa.

Basi mwanangu, kompyuta za wakati wako zitakuwa na kasi zaidi kuliko hizi. Zitumie bila woga: zitakupunguzia kazi, zitakuonyesha ulipoandika vibaya, zitaacha alama za njia uliyopita. Lakini kabla hujabonyeza chochote, jiulize nani aliulizwa, na nani hakuulizwa. Mchoro mzuri usikuzibe mdomo wa kuuliza, wala masikio ya kusikia. Na mtu akikwambia umemwacha nje, usimjibu kwa hesabu. Nenda kwake, keti, uulize tena.

Mungu, ambaye wazee wetu humwita Ruwa, akufikishe salama mikononi mwangu. Akupe akili nyepesi na moyo wenye huruma nyingi. Popote utakapoingia kuuliza, ukaribishwe ndani, na utakapotoka, wenye nyumba waseme: huyu ametusikia.