Foto ya Baba Mukwe na Mbuzi ya Shangazi

Munaniona hivi naongoza sala ya bamama na sauti haitetemeke, lakini iko siku moja haya ilinikamata mbele ya kilio muzima, nilitamani udongo wa kwetu Ngungu ufunguke unimeze na viatu yangu, na yote ilitoka ku kioo ya aparei ya foto.

Bwana yangu alikuwa anatumika mu machimbo kule Walikale, ndani ya pori, ruhusa hawamupe, akasikia baba yake iko anakohoa damu. Akatuma neno na mutu wa lori: «Unipigie foto ya papa. Sura yake, nisiisahau.» Muzee hakupigwaka foto hata moja mu maisha yake.

Nikachukua feza ya birai, viazi niliuzisha (yote njo ile tu), nikashuka Sake kwa Papa moja mwenye kuuzisha vitu ya mukono ya pili. Alikuwa na aparei mbili. Moja ni sanduku nyeusi, kioo ndogo kama kifungo, unasimama mbali unafinya, basi. Ingine ya kukunja, ngozi imepasuka njo maana bei ilishuka, lakini kioo yake inangaa, na iko na kioo ingine ya kuvalisha mbele, ya kupiga sura. Mimi na masomo yangu ya mangaribi, nikajiona mwenye akili, nikakamata ile ya sura.

«Mama, na hii kioo unasimama karibu, urefu wa mukono wako,» aliniambia. «Ukienda mbali, unapata ukungu tu.»

«Nimesikia, Papa.»

Nilisikia kweli, lakini sikuwaza naenda kupiga nani. Kwetu mukamwana hakaribie baba mukwe, hamuangalie mu macho, akikuja mu njia unaingia mu majani. Miaka yote ya ndoa nilijua miguu yake na fimbo yake.

Siku ya Mungu, kisha misa, bakamukalisha muzee inje, majirani bakajaa mu lupango ya nyumba kuona. Nikavalisha kioo, nikasogea kidogo, na shangazi ya bwana yangu (ule na kinywa chake!) akapiga kelele: «Eee, mukamwana! Unaenda kukaa ku magoti yake?» Batu bakacheka. Nikarudi nyuma. Shemeji yangu akasema: «Leta, mimi niko binti yake, nitasogea.» Nikakatala (avunje kioo yangu?). Muzee mwenyewe, na ile sauti kidogo ilibakia, akasema: «Karibia, mama. Mimi sikule batu.»

Nikainamisha kichwa zaidi. Nikasimama kule ku mugomba, nikafinya filimu yote macho yangu ikiwa chini, nikasema mu roho, Mungu atasaidia.

Foto zikaenda Goma kusafishwa, barabara ikaharibika na mvua, na muzee akakufa mbele ya foto kurudi. Bwana yangu alifika siku ya kumaliza kilio, na lori ile ile njo ilileta bahasha. Katekista akaomba, bwana yangu akafungua mbele ya bote. Ukungu. Ingine, ukungu. Ya mwisho njo ilitoka muzuri: mbuzi ya shangazi, ilipitaka mbele yangu sikuiona, ndevu moja moja unaweza kuhesabu, na nyuma yake kitu kyeupe kama moshi kimekaa ku kiti.

«Kumbe tulivaa manguo ya misa kwa ajili ya mbuzi yangu!» shangazi akasema. Bamoja bakacheka, kisha bakaacha, kwa sababu bwana yangu hakucheka. Aliangalia ile moshi, akafunika mbuzi na kidole, akaniuliza pole pole:

«Hapa papa alikuwa anacheka, ao hapana?»

Bote bakageuka kwangu. Mimi njo nilishika aparei.

«Sijui,» nikasema. «Sikumuangalia.»

Akaweka foto mu mufuko, akaingia mu nyumba. Hakuniulizaka tena.

Ile kioo iko mu sanduku, chini ya manguo, siivalishe tena. Lakini niliapa mbele ya Mungu: mutoto wangu mwanaume akioa, akileta bibi yake hapa, siku ya kwanza nitamukalisha mbele yangu, karibu, urefu wa mukono, nimuambie, inua kichwa, mama, uniangalie muzuri.