Reli ya Kwenda Lushoto, Sebuleni Kwangu

Treni haijawahi kupanda Lushoto. Inapita chini, Mombo, na mtu wa kwetu akitaka kuiona anashuka. Mume wangu alishuka akiwa kijana, akaajiriwa kwenye genge la reli, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kubadilisha mataruma, yale magogo ya chini ya reli, na kugonga misumari. Alipostaafu akarudi nyumbani, akakaa, akaanza kunifuata jikoni kuniuliza kwa nini nakata vitunguu hivyo.

Kwa hiyo binti yetu alipoacha hapa treni ya kuchezea ya wajukuu, ya betri, na reli zake za plastiki, nilimwambia mzee, "Chukua hiyo. Sebule ni yako. Jikoni usiingie."

Nilidhani atacheza siku mbili. Akaleta ubao wa kitanda, akaulaza juu ya matofali, akajenga mlima wa udongo mwekundu uliochanganywa na majivu, mpaka kifuani kwangu. Chini akaweka Mombo, juu Lushoto. Hapo hakukuwa na ubaya. Ubaya ulianza Ijumaa, aliporudi msikitini amenuna.

"Nimemwambia stesheni masta najenga reli," alisema. Stesheni masta ni mkubwa wake wa zamani, naye kastaafu, anakaa huko huko Mombo na alikuwa amepanda kumtembelea dada yake. "Kacheka mbele ya watu. Kasema mtu wa genge anagonga misumari, njia inapangwa na waliosoma."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia aje Jumamosi ijayo aione treni ikifika Lushoto."

Nikamtazama. Mimi niliishia darasa la tatu, yeye la nne. Maneno yale aliambiwa yeye, lakini yalinigusa na mimi. "Haya," nikasema, "iendeshe nione."

Alikuwa amelaza reli moja kwa moja kutoka Mombo mpaka kileleni, kama ngazi ya kupandia darini. Treni ikapanda shubiri mbili, ikanguruma, ikarudi nyuma kwa kasi na kuangukia msitu wa Shume, ambao ulikuwa vitawi vya misindano alivyochomeka asubuhi.

"Betri imechoka," akasema.

"Betri haina kosa. Umewahi kuniona napanda na mzigo wa kabichi kichwani hivyo? Hata mbuzi anazunguka."

"Basi panga wewe!"

Nikapanga. Shamba letu limesimama kama ukuta, na matuta yake yote nimeyapima mimi kwa fremu aliyotufundisha bwana shamba. Ni fito tatu zilizofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka juu. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati, ujue miguu yote miwili iko sawa. Unatia alama, unazungusha mguu, unasonga. Nikatengeneza ndogo kwa vijiti vya mwavuli mbovu, nikazunguka mlima wa mzee mguu kwa mguu kuanzia Mombo, na yeye nyuma yangu analaza reli.

Kazi ilikuwa safi sana. Nikaona hata aibu kuiacha tupu, nikaleta majani laini ya kijani yanayoota kwenye mawe ya mtoni, nikayafanya mashamba. Vitunguu vilivyochipua nikavipanda chini viwe mkonge. Nyumba za Soni, mji wa njiani, zilikuwa viberiti.

Tukawasha. Treni ikaondoka Mombo vizuri, ikazunguka nyuma ya mlima, ikapotea. Tukangoja. Ikatokea upande wa pili, ikaingia stesheni. Mombo. Haikuwa imepanda hata unene wa kidole.

Mzee akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, umewajengea abiria treni ya matembezi!"

Sikucheka. Nilikuwa nimepima tuta. Tuta kazi yake ni kuzuia maji yasiteremke, kwa hiyo linalala sawasawa kila mahali, nami nilikuwa nimeilaza treni vilevile. Nikaenda kupalilia kwa hasira. Huko shambani, kwenye mfereji wetu wa maji, ndipo nilipoliona kosa langu. Mfereji haulali sawa. Unainama kidogo tu, maji yatembee bila kukimbia. Nikarudi na udongo miguuni, nikapunguza mguu mmoja wa fremu, nikapima upya, mguu mfupi ukitangulia daima.

Safari hii njia ilipanda. Ila ilitaka kuzunguka mlima mara tatu, na reli zetu zilitosha mara mbili.

"Basi Lushoto ishuke," nikasema.

"Huwezi kukata Lushoto!" Mzee alisimama mbele ya ule udongo amepanua mikono. "Watu watasema nini?"

Alipokwenda kuswali alasiri nikachukua panga. Aliporudi akasimama mlangoni.

"Nani ameshusha mji?"

"Mvua."

Alinuna mpaka jioni, lakini reli alilaza.

Jumamosi stesheni masta akaja na saa yake ya mkononi. Mzee akampa shikamoo, akampa kiti, na mimi nikasimama na kanga yangu nimefunga kiunoni. Treni ikaondoka. Ikapita mkonge, ikapita Soni, ikaanza mzunguko wa pili, ikasimama. Magurudumu yanazunguka, treni haiendi.

Mzee akanyoosha kidole kuisukuma.

"Usiguse!" stesheni masta akasema, macho kwenye saa. "Ukisukuma haijafika."

Nikamwona mume wangu jasho linamtoka kwenye masikio. Nikainama kuangalia. Mabehewa yote matatu yamejaa maharage! Alikuwa ameyapakia asubuhi ili mgeni aone mzigo.

"Mzee, hiyo treni inatoka wapi?"

"Mombo."

"Inakwenda wapi?"

"Lushoto."

"Sasa nani amewahi kuleta maharage Lushoto? Maharage yanashuka!" Nikayamwaga yote kwenye kanga.

Stesheni masta akainua macho kutoka kwenye saa. "Mama ana haki," akasema. "Mzigo umeandikiwa njia siyo."

Treni ikatikisika, ikashika reli, ikapanda polepole na kusimama Lushoto. Mzee akaizima kwa mikono miwili, kana kwamba ingekimbia.

Mgeni akaifuata ile njia kwa kidole, kona kwa kona. "Nani alipima hii?"

Mume wangu akatazama dari. Akanitazama mimi. "Huyu."

"Umesoma wapi, mama?"

"Darasa la tatu. Pokea hii, hiyo ndiyo iliyopima."

Nikampa fremu. Stesheni masta akaigeuza, akaisimamisha mezani kwa heshima zote, miguu juu. Jiwe likamwangukia mkononi. Nikaichukua, nikaigeuza, nikamwonyesha tena kuanzia mwanzo.